Kipimo cha Kwanza Kilisema Hana Kitu

Shemeji yangu alitua Nairobi kutoka Dubai mwezi Machi 2020, siku chache baada ya Serikali kuamuru kila anayeingia nchini akae karantini siku 14. Dada yangu alikuwa akimngoja Makina, Kibera, katika chumba kimoja wanamolala watu watano, akiwamo mama yetu ambaye ana pumu.

Siku ya 4 alipimwa. Majibu yakasema hana virusi vya korona. Akanipigia simu akifoka: "Shemeji, wewe ni mwandishi, waulize hawa wananiweka hapa kwa nini!" Kila siku alikuwa akitozwa Sh2,000, na kodi ya chumba cha dada haikufika Sh4,000 kwa mwezi.

Sababu ilikuwapo, msomaji, ila hakuna aliyemweleza. Virusi vikiingia mwilini huatamia kwanza. Anayefuga kuku anajua: ukimulika yai siku ya kwanza huoni lolote, ukirudi baada ya wiki, waiona mishipa. Mwaka huo wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikadiria kwamba kipimo cha pamba ya puani, kikifanywa siku ya 4 baada ya mtu kuambukizwa, huwakosa watu 67 katika kila 100. Siku ya 8 huwakosa 20 hivi. Dalili za korona ya wakati ule zilianza kwa kawaida siku ya 5 au ya 6, na wachache mno walipita siku 14 bila kuzionyesha, kama walikuwa wa kuzipata. Ndiko zilikotoka zile siku 14.

Siku ya 13 alipimwa tena. Safari hii akakutwa navyo. Akahamishiwa hospitali, akapona, na mama hakuguswa.

Lakini alivipata Dubai, au palepale? Siku ya 6 wageni wengine walikuwa wameletwa, wakapangwa orofa moja naye, choo kimoja, foleni moja ya chakula. Mtu akikaribiana na mgonjwa, siku zake huanza kuhesabiwa upya. Kuwachanganya waliofika siku mbalimbali ni kuiharibu karantini yenyewe. Tena Aprili hiyo hata waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini. Nani basi angeamini kwamba hicho si kifungo?

Si kwamba watu wa Kibera hawaelewi. Vijana waliokwenda kupimwa Ukimwi wanajua tangu zamani kwamba aliyekutwa hana huweza kuambiwa arudi baada ya miezi 3, kwa kuwa askari wa mwili wanaotafutwa na kipimo hukawia kujitokeza.

Huku kwangu Kawangware, upimaji wa halaiki ulipoletwa mapema Mei, wengi walijifungia ndani. Pamba hawakuiogopa, waliogopa bili. Tarehe 6 Mei Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba Serikali ingewalipia walio katika vituo vyake. Kesho yake jirani yangu, fundi wa viatu, akajitokeza. Alipoulizwa amekaa karibu na nani siku zile 14, alitaja majina upesi upesi, mpaka alipokumbuka kwamba mwenye nyumba alikuja mara mbili kudai kodi. Akanyamaza kidogo, kisha akamtaja naye.