Deni la Nyumba Hupimwa kwa Mwezi Mbaya

Hakuna neno liwapendezalo watu wa mjini kama neno hili: "nyumba yangu." Lakini Waswahili walikwisha kuonya zamani kwamba kukopa ni harusi, na kulipa ni matanga. Habari za karani mmoja wa Nairobi zaonyesha jinsi mtu mwenye mshahara mmoja awezavyo kuyaona matanga kabla ya kuicheza harusi.

Mwaka 2024 karani huyo alikuwa na mke na watoto wawili, nao walipanga vyumba viwili kwa Shs. 16,000/- kwa mwezi. Mkewe alikuwa ameacha kazi ili kumlea mtoto mdogo, kwa hiyo nyumba yote ilitegemea mfuko mmoja. Baada ya makato, karani alipokea Shs. 78,000/-. Kwa miaka minane alikuwa ameweka akiba, akafikisha Shs. 600,000/-.

Huko Ruiru aliona nyumba ya Shs. 4,000,000/-. Benki ilitaka atoe Shs. 400,000/- kwanza, nayo imkopeshe Shs. 3,600,000/- kwa miaka 20, kwa riba ya 9.5 katika 100. Riba hiyo ilikuwa nafuu, kwa maana fedha zilipitia Kenya Mortgage Refinance Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2018 ili kuyapa mabenki na vyama vya akiba fedha za kukopesha watu nyumba. Malipo ya kila mwezi yalikuwa Shs. 33,557/-. Afisa wa benki akamwambia kwamba mshahara wake watosha, kwani sheria ya kazi ya mwaka 2007 yaruhusu makato yafike thuluthi mbili za mshahara. Karani akarudi nyumbani kwa furaha nyingi.

Jumamosi akaenda kwa baba yake mdogo, mzee aliyefanya kazi katika reli tangu ujana wake. Mzee huyo aliishi katika nyumba za reli kule Makongeni mpaka siku ya kustaafu, na siku hiyo alirudisha ufunguo kama alivyorudisha sare. Karani alitazamia kwamba mzee, aliyeonja uchungu wa kuishi katika nyumba ya tajiri wake, atamhimiza anunue upesi.

Mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, sheria imekuambia ni kiasi gani waweza kukatwa. Je, nani amekuambia ni kiasi gani waweza kula?"

Karani akakosa jibu.

Usiku ule yeye na mkewe walifungua daftari. Kodi 16,000, chakula na makaa 20,000, karo 12,000, nauli 7,000, mama yake kule shamba 5,000, maji na taa 4,000, chama cha akiba 6,000. Jumla Shs. 70,000/-, na baki Shs. 8,000/-. Nyumba mpya, pamoja na bima na matengenezo ya Shs. 4,000/- hivi, ingetaka Shs. 37,557/-. Hata kodi ikiondolewa, zilihitajika Shs. 21,557/- zaidi. Karani akachukua baki yote, akaifuta akiba ya chama, akapunguza chakula kwa Shs. 2,557/-, na hesabu ikakaa sawa.

Mkewe alilitazama daftari kwa muda mrefu. Akasema, "Baba watoto, umemfuta mama."

Ni kweli. Mstari wa Shs. 5,000/- haukuwapo tena.

Basi wakapatana kufanya jaribio. Wasitie sahihi popote, bali kila mwezi waweke kando Shs. 21,557/- kana kwamba nyumba imekwisha kununuliwa. Na mama apewe fedha zake kwa kujinyima kwingine. Novemba walifaulu. Desemba walifaulu kwa taabu, wala hawakusafiri. Januari mama akalazwa hospitali. Mwezi huo hawakuweka hata senti, tena walitoa Shs. 30,000/- katika zile walizokwisha kuweka.

Kama deni lingekuwa la kweli, huo ungekuwa mwezi wa kwanza wa kushindwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humpa mdaiwa ilani ya miezi mitatu ili alipe, na baadaye ilani ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Muda huo ni msaada kwa mwenye mishahara miwili iliyoyumba kidogo. Kwa mwenye mshahara mmoja uliokatika, miezi mitatu hupita kama wiki. Tena, kama riba ingepanda kufika 15 katika 100, malipo yale yale yangekuwa Shs. 47,404/-.

Hapo karani akaigeuza hesabu. Hakuuliza tena benki itampa kiasi gani; aliuliza ni kiasi gani awezacho kulipa bila kumgusa mama wala akiba ya chama. Jibu lilikuwa Shs. 20,000/- hivi, nazo hubeba mkopo wa Shs. 2,100,000/- tu. Basi atafute nyumba ya Shs. 2,500,000/-. Katika akiba yake atatoa malipo ya kwanza, ushuru wa stempu, ambao mjini ni 4 katika 100 ya thamani, na ada ya wakili, na bado fedha kidogo zitabaki za kukabili mwezi mbaya.

Nyumba ya bei hiyo itakuwa ndogo, na mbali zaidi na mji. Alipomweleza mzee, mzee alicheka, akasema kwamba hata kibanda chenye ufunguo usiorudishwa ni kikubwa kuliko nyumba zote za reli.

Karani hajanunua bado. Angali anatafuta, na daftari li mezani. Mstari wa mama umeandikwa tena, safari hii kwa wino.