Tarakimu Moja

Nilipopangiwa Kata ya Buzebazeba, Kigoma Ujiji, kuwa afisa maendeleo ya jamii, niliipenda ajira ya serikali kwa sababu zile zile za wengi: mshahara, bima ya afya, pensheni uzeeni. Sera niliiona ni mambo ya Dodoma. Mimi nilikuwa mtu wa kuzunguka mitaani, kukagua vikundi na kuandika mihtasari ya kamati ya maendeleo ya kata.

Asilimia kumi ndiyo iliyonibadilisha. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilielekezwa kutenga fedha za kuwakopesha wanawake na vijana, lakini agizo ni agizo. Mapato yakipungua, ndilo la kwanza kusahauliwa. Mwaka 2018 Bunge likalitia kwenye sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, bila riba.

Zikafuata kanuni za 2019, zikataka kikundi cha wanawake au vijana kisipungue watu 10. Mezani, kumi ni idadi ya busara. Mwaloni Kibirizi au Ujiji, kina mama wanaonunua dagaa wabichi alfajiri, wakawaanika na kuwajaza kwenye magunia, hushirikiana watatu, wanne, watano, kwa kuwa anayekushikia fedha lazima umjue hadi kwao.

“Mwanangu, hao watano wengine nikawatoe wapi?” aliniuliza mmoja wao.

Jibu nililikuta kwenye fomu: shangazi, mkwe, jirani aliyekwisha kuhamia Uvinza. Wanachama wa kuazima! Siku ya marejesho hawaonekani, deni linawaelemea wale wale watano. Nikaliandika hilo kwenye taarifa za robo mwaka, nikarudia, na naamini wenzangu wa kata nyingine nao waliandika yao.

Mwaka 2021 kanuni zikarekebishwa. Kumi ikawa tano, na mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Barua ya pongezi haikuja, na hakuna neno langu hata moja mle ndani. Lakini fundi cherehani asiyeweza kutembea alifika ofisini kuomba mkopo kwa jina lake, bila kutafuta kikundi cha kumbeba. Hapo ndipo nilipoonja utamu wa kazi hii. Mwalimu humwona mwanafunzi wake akifaulu. Mtu wa sera humfaa asiyemjua kabisa. Ina raha yake, ingawa hailiki.

Aprili 2023 mikopo ilisitishwa ili utaratibu uangaliwe upya, maana vikundi hewa navyo vilikuwa vimekula. Iliporejeshwa 2024, Kigoma Ujiji ikawa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribia kukopesha kupitia benki. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia idara ya mipango, kwa hiari yangu, jambo lililowashangaza ndugu zangu: huko posho za kwenda mitaani ni haba.

Siku hizi nashughulikia ratiba ya marejesho. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi hulala. Tena mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mkopo unaodai kiasi kile kile kila mwezi uliandikwa kwa ajili ya mwenye duka. Nimependekeza miezi ya kufungwa kwa ziwa isihesabiwe kwenye deni la wafanyabiashara wa dagaa. Rasimu imerudi na maswali ya mwanasheria, yote ya maana isipokuwa moja, na Jumatatu napeleka majibu.