Taa Usiyoiona Wewe



Leo nataka tuongee juu ya taa za nyuma za gari. Usicheke. Wengi wetu tunaendesha magari ya umri, na swali ninaloulizwa sana na vijana baada ya ibada si la kitabu cha Ufunuo. Ni la spea.

Hebu fikiria jambo hili. Taa za mbele ni zako, zinakuonyesha njia. Taa za nyuma hazikusaidii kuona chochote. Unaweza kuendesha mwaka mzima bila kuziona zikiwaka hata mara moja. Ni za yule anayekufuata, mtu ambaye pengine hutawahi kujua jina lake.

Kijana mmoja wa kwaya yetu ana Toyota Corolla, ile tunayoita 110. Bodaboda ilimgonga kwenye foleni, taa ya nyuma ya kulia ikapasuka. Na gari hilo ndilo hubeba akina mama watatu kuwarudisha nyumbani tukimaliza kesha, kupitia Eastern Bypass, kungali giza, malori yakiwa nyuma yao. Kwa hivyo nilienda naye Kirinyaga Road kutafuta taa nyingine.

Kama na wewe unatafuta, sikiza. Usiende na jina la gari peke yake. Fungua taa ya zamani, ubebe. Kwenye lenzi kuna nambari ndogo pamoja na jina la mtengenezaji, mara nyingi Koito, Stanley au Ichikoh. Hiyo nambari ndiyo ya kulinganisha. Corolla hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1995, na 1997 ikabadilishwa sura, kwa hivyo ya mwanzo na ya baadaye huenda zisibadilishane. Ndugu yake Sprinter wanafanana kwa mbali, lakini taa zake za nyuma ni zingine.

Ukiipata, iangalie ndani. Ile sehemu ya fedha inayorudisha mwanga ikiwa imefifia au imeshika kutu, hata balbu mpya haitakusaidia. Angalia mpira wa kuzuia maji, angalia pale nati zinashika, tingisha usikie kama kuna maji. Ukiweza, nunua zote mbili, kwa sababu jua hufifisha plastiki, na taa moja ikiwa nyekundu na nyingine ya waridi, gari linaonekana limeokotwa. Kijana wetu aliambiwa 4,500 kwa zote mbili, akatoka na 3,000.

Lenzi zilikuwa na ukungu wa uzee. Hilo si tatizo. Ile rangi nyekundu imo ndani ya plastiki yenyewe, haijapakwa juu. Ukipiga msasa laini na maji, namba 1000 kisha 2000, halafu polishi, inang'aa tena.

Hapo ndipo kijana akasema anataka zipigwe tinti ya moshi. Fundi akatoa mkebe wa kupuliza. Nikamuuliza fundi anaonaje. Akasema, "Pasta, mimi hupuliza vile mteja anataka." Sikumlaumu. Lakini nilijiuliza, kati yetu sisi watatu, ni nani anayemsemea yule wa nyuma? Kwa sababu mteja anayelipa siye anayetumia taa hiyo.

Basi tukapiga hesabu pale pale. Balbu ya kawaida ya nyuma ina nyuzi mbili. Moja ni ya wati 5, huwaka usiku wote. Nyingine ni ya wati 21, huwaka ukikanyaga breki. Dereva wa nyuma anajua unasimama kwa sababu mwanga umeruka ghafla. Sasa chukua tinti inayopitisha nusu ya mwanga. Puliza mara mbili, kinabaki robo.  Yaani umekanyaga breki, na aliye nyuma anapata robo tu ya mwanga uliopaswa kumfikia.

Na mchana ni vibaya zaidi. Jua la saa saba likipiga kwenye lenzi iliyotiwa weusi, ule mwanga mdogo uliobaki unamezwa kabisa.

Kuna na riflekta, kile kipande cha taa kisichohitaji umeme. Gari likizima njiani usiku na betri imekufa, hicho ndicho kinabaki kukusemea. Lakini mwanga wa anayekuja lazima uingie kupitia tinti, kisha utoke kupitia tinti ile ile. Tinti ya nusu inaacha robo. Ukiipuliza mara mbili, inabaki sehemu 1 kati ya 16. Mimi nimesimama kaburini kumzika mtu aliyegonga lori lililosimama gizani bila taa. Mjane wake bado tunamsaidia. Siwezi kuyasikia mambo haya kama mambo ya urembo.

Kijana akasema ataweka balbu kali zaidi. Nikamwambia plastiki na waya hazikutengenezewa joto hilo, lenzi inaweza kuyeyuka. Akasema, "Lakini pasta, zitaonekana za kizamani."

Sikubishana naye tena. Jioni tulipanga kipande cha tinti ya plastiki mara mbili, tukakibandika kwenye taa moja tu. Mimi nikakaa kwenye usukani, yeye akarudi nyuma hatua kama 100. Nilikanyaga breki mara tano. Aliporudi hakusema kitu. Alikibandua mwenyewe, akakikunja, akakitia mfukoni. Baadaye aliniambia, "Nilikuwa nawaza gari langu. Pale nyuma niliwaza mama amekaa kiti cha nyuma." Mamake ni mmoja wa wale watatu.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde kuelewa kwamba umefunga breki, ameshakaribia mita 11 zaidi. Hizo ni Corolla mbili na nusu zikipangwa moja nyuma ya nyingine.

Wapendwa, kwenye Kumbukumbu la Torati 22 kuna agizo ambalo wengi hulipita haraka. Anayejenga nyumba mpya anaambiwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka. Mwenye nyumba anajua ukingo uko wapi. Hata gizani hatakanyaga vibaya. Ule ukuta ni wa mgeni. Mungu alimhesabia mwenye nyumba usalama wa mtu ambaye hata hajafika bado.

Kwa hivyo kijana wangu, ukitaka gari lipendeze, badilisha rimu, piga bodi polishi, weka viti vizuri. Nitakusifu mbele ya watu. Lakini lenzi ya breki, indiketa na riflekta ziache wazi. Hizo si zako.

Na sote, kabla ya kesha ya Ijumaa, mwombe mtu asimame hatua 50 nyuma ya gari lako. Washa taa, kisha kanyaga breki. Mwulize ameona nini. Ukisikia anasita kujibu, hapo umeshajibiwa.

Mbarikiwe, na mfike salama.