Kasulu hadi Kibondo, nyumba kwenye mstari

Ukitoka Kasulu kuelekea Kibondo, nyumba zinakusindikiza kando ya barabara, zimepangana kama wanafunzi wa paredi. Waha wa zamani hawakujenga hivyo. Kila mji ulikaa kilimani kwake na migomba yake, hadi Operesheni Kigoma ya 1972 ilipowakusanya watu vijijini na kuwapimia viwanja.

Makere unakunja kuingia Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita; Warundi wakamiminika 2015, na Nduta, upande wa Kibondo, ikafunguliwa tena kuwapokea. Humu mstari umekazwa zaidi: zoni, kijiji, klasta, kila kaya na anwani yake. Miongozo ya UNHCR inataka meta 45 za mraba kwa kila mtu na mkanda wa meta 30 wa kuzuia moto kila baada ya meta 300. Inataka pia kambi isizidi watu 20,000. Nyarugusu imewahi kubeba zaidi ya 150,000.

Fred Cuny, mpangaji miji Mmarekani aliyekulia Texas, aligombana na mistari hii maisha yake yote ya kazi. Alianzisha kampuni ya Intertect, Dallas, mwaka 1971. Tetemeko lilipoiangusha Managua Desemba 1972, yeye na wenzake walipanga kambi ya Coyotepe, Masaya, kwa mafungu ya nyumba zinazotazama uwanja mmoja, si safu za kijeshi. Guatemala, baada ya tetemeko la 1976, alitaka mafundi wa huko wafundishwe kujenga imara kwa vifaa vyao wenyewe kuliko kuletewa nyumba kutoka nje. Alipotelea Chechnya Aprili 1995, Nyarugusu haijazaliwa.

Kwenye klasta moja ya Wakongo nilikuta nyumba nne za matofali mabichi zimeipa barabara kisogo. Milango yote inatazama ua mmoja: kinu cha sombe, mafiga, mpapai, kuku wa watu wanne wasiojulikana ni wa nani. Nikamuuliza mama aliyekuwa akitwanga, hapa si palichorwa njia?

“Ilikuwa ya motokari, papa. Siye tuko na batoto.”

Intertect ingelipwa kwa ushauri huo.

Mwenyeji wa Makere aliyechoshwa na kiwanja cha 1972 aliweza, kelele za operesheni zilipopoa, kurudi kilimani kwake akajenga upya. Mama huyu akivuka kilomita 4 kutoka kambini bila kibali anakamatwa. Kwa hiyo anageuza mlango.