Ngomeni: Zima simu, angani kuna shoo

Ukichoshwa na taa za mjini, msomaji wangu, toka Dar kwa basi, vuka mpaka Horohoro, shuka Mombasa, unganisha Malindi, kisha uulizie Ngomeni. Usitegemee disko. Kuna mikoko, mitumbwi, na kule baharini majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu. Wataliano walirushia roketi pale tangu 1967 hadi 1988. Desemba 12, 1970, Kenya ikisherehekea uhuru wake, ilipaa pale setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wangapi mnalijua hilo?

Mimi nilifuata giza. Magharibi ilipopita nikajilaza mchangani, simu nikazima, maana macho yanataka kama dakika 20 kuzoea. Mara "nyota" moja ikaanza kukata mbingu taratibu. Ndege ina taa za kupepesa, kimondo hupita fyuu. Hii ilitambaa tu. Ghafla ikawaka ile mbaya, sekunde chache, ikafifia. Wee acha!

"Shikamoo mzee, umeiona ile?" nikamuuliza mvuvi aliyekuwa akisubiri maji.

"Marahaba mwanangu. Hiyo kidogo. Zamani ziliwaka kama mtu kakumulika kurunzi!"

Mzee hakutia chumvi. Jua likituzamia sisi, kule juu bado linapiga. Setilaiti haijiwakii taa, inarudisha mwanga kama kioo cha saa yako ya mkononi. Mabingwa walikuwa Iridium, setilaiti za simu zilizoanza kurushwa 1997, kilomita 780 juu. Kila moja ilikuwa na antena tatu bapa zinazong'aa, kubwa karibu sawa na mlango. Ikikugeukia sawasawa, ilimzidi hata Zuhura. Kampuni ilifilisika 1999, lakini setilaiti zikaendelea kupiga mzigo chini ya wenyewe wapya. Kati ya 2017 na 2019 zikarushwa mpya zisizo na antena za namna ile, na nyingi za zamani zikashushwa ziungue. Shoo ikaisha kiaina.

Zilizobaki zinametameta kwa kubahatisha. Ila tangu 2019 zimeingia Starlink, na sasa ziko kwa maelfu. Intaneti ni dili, sikatai, lakini wanaopiga picha za nyota wanalia: picha zao zinachorwa mistari. Na vya juu vinashuka pia. Mwisho wa Desemba 2024, pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni.

Nikamuuliza mzee kama zinampoteza njia baharini.

"Nyota yangu naijua mahali pake," akasema. "Hizi zenu zina haraka. Ila zikizidi, wajukuu watajuaje ipi ni ipi?"

Sikuwa na jibu. Wewe nenda, mshikaji, usiku usio na mbalamwezi, kabla anga nalo halijawa Kariakoo.