Mashine ya Kahawa Nyumbani Mwetu

Huenda msomaji wetu akastaajabu kuona kurasa hizi, ambazo kazi yake ni kukumbushana mambo ya dini na malezi ya nyumba, zikizungumza juu ya chombo cha kupikia kahawa. Asistaajabu. Nyumba ya Muislamu husimama kwa mambo makubwa na madogo, na mara nyingine jambo dogo ndilo limfunulialo mtu upungufu wake. Jambo la namna hiyo lilitufika sisi nyumbani kwetu, hapa Mombasa, nasi twaona ni vyema tulieleze kama lilivyokuwa, huenda likamfaa mwenzetu.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na desturi asiyoiacha. Baina ya Magharibi na Isha alikuwa akikaa barazani, na mbele yake mdila wa shaba juu ya seredani ya makaa. Buni ilikaangwa nyumbani, ikatwangwa kwa kinu, ikachemshwa pamoja na tangawizi kavu, na kila apitaye alimiminiwa finjani yake: jirani, mgeni, fundi atokaye kazini, na sisi watoto tulikaa chini tukisikiliza. Hapo ndipo tulipojua nani mgonjwa, nani amefiwa, na nani hana karo ya mwanawe. Adhana ya Isha ikiadhiniwa, watu huinuka pamoja wakaenda msikitini.

Alipofariki, mdila ukatiwa kabatini. Hatukusema kuwa tumeiacha desturi. Tulisema tutaianza tena mambo yakitulia. Miaka minne ikapita.

Katika miaka hiyo watoto wetu walikua. Kijana wetu mkubwa, mwenye miaka 20, na dada yake anayemfuata, wakaanza kupenda kahawa ya mikahawa mipya ya mjini, ile iitwayo espreso. Jioni baada ya kazi na masomo walikuwa hawaonekani nyumbani mpaka Isha imekwisha kusaliwa. Sisi tukawa watu wa kunung'unika. Tuliwaambia kuwa vijana wa siku hizi hawana mapenzi na nyumba, na kwamba fedha zao zaishia katika vikombe. Usiku mmoja kijana akatujibu kwa adabu: "Baba, mwatulaumu kuwa hatukai nyumbani. Basi tununue mashine ya kahawa, nasi tutakaa."

Maneno hayo yalitupendeza sana. Tukaona kuwa tumepata dawa ya ugonjwa wetu, na kilichobaki ni kuinunua tu.

Tukaanza kuuliza na kusoma, nasi tukajifunza mengi. Mashine hizi asili yake ni Italia. Mwaka wa 1884 Angelo Moriondo wa mji wa Turin alipata hati ya serikali kwa chombo chake cha kupikia kahawa kwa nguvu za mvuke. Mwaka wa 1901 Luigi Bezzera wa Milan akapata hati ya mashine iliyoweza kumpikia kila mnunuzi kikombe chake peke yake, papo hapo. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia akaeneza mashine zenye mkono wa kuvuta, zilizosukuma maji kwa nguvu ipitayo ile ya mvuke, na hapo ndipo lilipopatikana lile povu la rangi ya dhahabu ambalo wapenzi wa espreso hulisifu. Kanuni yake ni hii: buni iliyosagwa laini, kiasi cha gramu 18 kwa vikombe viwili vidogo, hushindiliwa katika kichujio, maji yenye joto la nyuzi 90 hadi 96 hupitishwa humo kwa shinikizo la kadiri ya mara 9 ya lile la hewa ituzungukayo, na kazi yote huisha katika sekunde 25 hadi 30. Hii ni elimu nzuri, na mwenye kuivumbua astahili sifa. Lakini msomaji aizingatie nia ya chombo hiki: kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka, aje, anywe kikombe chake, aende zake.

Sisi wakati huo hatukulizingatia hilo. Tulikwenda dukani pamoja na kijana, tukachagua mashine nzuri ya kung'aa. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko uwezo wetu wa mwezi ule, na mwuzaji, mtu mwenye maneno matamu, akatuambia tusijali, kwani twaweza kulipa kidogo kidogo. Akatuletea karatasi. Twakiri mbele ya wasomaji wetu kuwa kalamu ilikuwa tayari mkononi mwetu. Kijana ndiye aliyesoma maandishi madogo ya chini. Akasoma mara mbili, akatutazama, akasema polepole: "Baba, hii si ndiyo ile uliyotufundisha tuikimbie?"

Tukasoma nasi. Mwenye duka siye aliyekuwa akituuzia kwa deni. Kampuni nyingine ingemlipa yeye fedha zake, kisha sisi tungeilipa kampuni ile pamoja na ziada kwa miezi 24, na kila tukichelewa ziada ingezidi. Maulamaa wengi wameruhusu kitu kuuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, maadamu bei imekatwa mwanzo na haiongezeki baadaye. Ama fedha kukopeshwa kwa ziada, na ziada hiyo ikue kwa kuchelewa, hiyo ndiyo riba yenyewe, wala kubadilishwa jina hakuibadilishi. Tukaweka kalamu chini, tukatoka dukani hali tumeinamisha vichwa. Tulitaka kuwarejesha watoto katika mwenendo mwema, na kwa ajili hiyo tulikaribia kuingiza riba chini ya paa lao. Na aliyetuzuia ni yule yule tuliyekuwa tukimlaumu kila usiku.

Tuliporudi nyumbani tukamweleza mama yetu yaliyotokea. Alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua kichwa. Aliuliza jambo moja tu: mashine ile hupika vikombe vingapi kwa mara moja? Kijana akamjibu: "Kimoja, Bibi, au viwili." Akasema: "Babu yenu alikuwa akiwamiminia watu kumi. Huyo wa kumi angekunywa lini?"

Tukapiga hesabu. Kila mara yataka kusaga, kushindilia, kukamua, kumwaga makapi na kupangusa. Hata ukitoa viwili viwili, mgeni wa kumi atangoja zaidi ya dakika 10, ilhali wa kwanza amekwisha kunywa na kuaga, na mpishi mwenyewe hakupata hata kukaa.

Swali la mama likatukumbusha habari za kahawa yenyewe, ambazo kwetu sisi Waislamu si habari za kigeni. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wapate nguvu ya kusimama usiku katika ibada. Abdul-Qadir al-Jaziri, aliyeandika juu ya kahawa katika karne ya 16, aeleza kuwa waliiweka katika chombo kimoja kikubwa cha udongo, na kiongozi wao akawateka kwa kikombe kidogo, akawapa kwa kuanzia kulia, huku wakimdhukuru Mwenyezi Mungu. Na mwaka wa 1511, Kha'ir Beg alipoipiga marufuku kahawa katika mji wa Makka, kilichomshtua kwanza kilikuwa ni watu aliowaona wamekusanyika usiku karibu na msikiti, wakipokezana vikombe. Marufuku ile haikudumu, na leo twaijua kahawa kuwa ni kinywaji cha halali. Lakini mzozo ule watuonyesha kuwa tangu zamani kahawa haikuwa kinywaji tu, bali ilikuwa ni mkusanyiko wa watu. Hata UNESCO ilipoiandika kahawa ya Kiarabu katika urithi wa wanadamu mwaka wa 2015, kwa maombi ya Omani, Saudia, Imarati na Qatar, iliiita alama ya ukarimu.

Hapo ndipo tulipojiona kosa letu, nalo lilikuwa chungu kuliko kahawa. Tulikuwa tukisema kuwa mikahawa imewachukua watoto wetu. Lakini katika miaka ile minne, baina ya Magharibi na Isha, sisi wenyewe tulikuwa wapi? Tulikuwa sebuleni, kila mtu na simu yake au mbele ya televisheni, na baraza giza. Watoto walikuwa wakienda mahali palipo na taa, na kikombe, na mtu wa kuzungumza naye. Na hayo yote yalikuwako nyumbani kwao zamani, tukayafungia kabatini pamoja na mdila. Mashine ya bei yoyote isingefanya kazi ambayo sisi tumeiacha. Kila mmoja angebonyeza kitufe, akachukua kikombe chake, akaenda nacho chumbani.

Basi tukafanya shauri. Kwa fedha taslimu tulinunua vitu viwili: kinu kizuri cha mkono cha kusagia buni, na kile chombo kidogo cha Kiitaliani kiitwacho moka, kilichotoka katika karakana ya Alfonso Bialetti mwaka wa 1933, na ambacho jina lake latokana na bandari ya Mokha ya Yemen. Maji hutiwa chini, unga wa kahawa katikati, na mvuke ukipata nguvu huyasukuma maji yapande juu yakiwa kahawa nzito. Si espreso hasa, kwani shinikizo lake ni dogo, illa huikaribia kwa uzito na huwaridhisha vijana wetu. Chetu hutoa vikombe 6 vidogo kwa mara moja. Na mdila wa baba tukautoa, tukausugua, tukaurudisha juu ya seredani kwa ajili ya wazee wapendao kahawa ya tangawizi.

Hatutaki msomaji adhani kuwa kila kitu kilinyooka siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza tulikaa barazani sisi na mama yetu tu, tukitazamana. Wiki ya pili alipita jirani mmoja mzee, akauona mdila, akasimama bila ya kusema neno, kisha akaketi mahali pake pa zamani. Kijana wetu sasa huja siku tatu au nne katika wiki, na ndiye asagaye buni. Siku nyingine huenda kwa rafiki zake, wala hatumnung'unikii. Binti yetu huwapikia shangazi zake na jirani zetu wa kike ukumbini. Na juzijuzi, kwa mazungumzo ya barazani, tulipata kujua kuwa mwenzetu mmoja alikuwa na mgonjwa hospitali na hana nauli ya kwenda kumtazama. Jambo hilo liliondolewa kabla ya adhana ya Isha.

Ama yule ambaye bado ataka mashine, sisi hatumkatazi, kwani pambo la halali si haramu. Twamnasihi ajiulize mambo haya kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, wanywaji ni wangapi? Kwa mtu na mkewe mashine ndogo yafaa sana. Kwa nyumba ya wageni wengi ni taabu.

Pili, ana kinu? Buni iliyosagwa ikakaa hupoteza harufu yake upesi, na mashine ya thamani haiwezi kuurekebisha unga mbaya. Ni afadhali apunguze bei ya mashine aongeze ya kinu.

Tatu, asidanganywe na tarakimu. Masanduku mengi yameandikwa shinikizo la 15 au zaidi, na huo ni upeo wa pampu tu. Kahawa yataka kadiri ya 9. Na mashine za vidonge ni nyepesi kutumia, lakini kila kidonge huwa na gramu 5 au 6 tu za kahawa, kina bei yake, na hubakisha taka.

Nne, aangalie maji. Visima vyetu vya pwani vina chokaa nyingi, nayo huganda ndani ya mashine ikaiua. Achuje maji, na mara kwa mara aisafishe kwa dawa ya chokaa iliyoelezwa na watengenezaji wake.

Tano, atazame fedha zatoka wapi. Tumekatazwa israfu kama tulivyokatazwa ubakhili. Kitu cha anasa kisichopatikana illa kwa riba, kukikosa ndiko kukipata.

Na neno moja zaidi. Wale wacha Mungu wa Yemen waliinywa kahawa ili wasimame usiku. Ni msiba mkubwa sisi tuinywe usiku kucha, kisha itukoseshe sala ya Alfajiri. Ndiyo maana kwetu Isha ikiingia, moto huzimwa na vikombe huoshwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba za Waislamu, atuepushe na riba na israfu, awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na atujaalie tuwe watu ambao watoto wetu watapenda kuketi nasi. Amin.