Kangaga Barazani

Wapo wasemao kwamba mmea usiotoa ua haustahili kuwekwa nyumbani. Kangaga halina ua, halina tunda wala mbegu. Ukiligeuza jani lake utaona madoa ya kahawia yaliyojipanga sawasawa. Hayo si maradhi, bali ni vifuko vya vumbi laini ambalo ndilo uzazi wake. Vumbi hilo likiangukia penye kivuli na unyevu, huota kijani kidogo mfano wa moyo. Na humo, kwa msaada wa tone la maji, hutungwa kangaga jipya.

Basi maji ndiyo uhai wa mmea huu, na hapa Songea maji ndiyo yaletayo maneno. Mvua zetu hunyesha tangu Desemba hata Aprili. Kisha hufuata kiangazi kirefu. Mwezi mmoja wa Septemba mama mkwe wangu alinikuta nikimwagilia, akaniuliza: "Mwanangu, ndoo hii imetoka mbali. Mgeni wako huyu anywaye kila siku atatulipa nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tangu siku hiyo makangaga yetu hunywa maji yaliyooshea mchele na mboga, yasiyo na sabuni wala chumvi, na mama mwenyewe huniwekea pembeni.

Chombo si lazima kinunuliwe. Debe kuukuu au chungu chenye ufa hutosha, maadamu kina matundu chini. Tandika vipande vya mkaa, kisha jaza udongo uliochanganywa na mchanga na majani yaliyooza. Weka barazani, upande upatao jua la asubuhi tu. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Majani yaliyokauka yakate.

Lakini, ndugu msomaji, liko deni kubwa kuliko la ndoo. Usiende kung'oa makangaga kando ya vijito vya Matogoro. Milima hiyo ndiyo chimbuko la mto Ruvuma, na mizizi ya mimea hiyo hushika udongo wa kingo usichukuliwe na maji. Aina iliyozoeleka majumbani hutambaza vitawi vyembamba kama nyuzi, na juu yake huchipua miche. Mvua zikianza, mwombe jirani mche mmoja. Hatapungukiwa na kitu, na chemchemi itabaki na nguo yake.